Namba Inayofutika Kabla ya Kufika Rumonge

Mbalamwezi ikitanda juu ya Ziwa Tanganyika, wavuvi wa Rumonge, hapa Burundi, hupumzika. Kazi yao ni ya giza: taa huwashwa juu ya maji, ndagala wakaufuata mwanga, wavu ukainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu taa ya mvuvi haifui dafu, samaki hutawanyika, na mitumbwi hulala ufukoni siku kadhaa. Ndizo siku ambazo chumba cha gemu kilicho nyuma ya soko letu hujaa kuliko siku zote. Vijana wa mitumbwini wana usiku mzima usio na kazi, mifukoni wana faranga za wiki iliyopita, na wadogo zao huwafuata kama ndagala anavyofuata taa.

Jumamosi moja ya mbalamwezi nilikaa humo tangu alasiri hadi karibu na Isha. Runinga nne, mabenchi manne ya mbao, padi ambazo vitufe vyake vimelainika kwa vidole vya watu. Nyuma ya kila benchi kuna safu ya pili, ya wasiolipa: watoto waliosimama, mikono juu ya mabega ya kaka zao, macho kwenye kioo. Mmoja wao hakuwa amefika miaka minane. Mbele yake gari liliibwa, dereva akavutwa nje, akapigwa risasi, polisi wakaanza kufukuza. Mtoto hakucheka wala hakuogopa. Alitazama tu, kama anavyotazama mama yake akipepeta mchele.

Sikuwemo humo kama mkaguzi. Nilikuwa na padi mkononi, nasubiri zamu yangu. Nacheza gemu tangu nina miaka 12, nazipenda, na sitarajii kuacha. Lakini siku ile nilishindwa kucheza vizuri kwa sababu ya yule mtoto.

Diski za chumba kile hukaa katika katoni ya sabuni. Zimenakiliwa, na majina yake yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito: PES, GTA, TEKKEN, GOD OF WAR. Hazina picha wala kasha, na hazina ile namba ndogo ya pembeni inayomwambia mzazi gemu hii ni ya umri gani. Namba hiyo ilikuwepo gemu ilipouzwa dukani Ulaya. Ilifutika njiani, diski iliponakiliwa Bujumbura au kabla haijavuka ziwa kutoka Kigoma. Makala haya yanaifuata namba hiyo: ilitoka wapi, inajua nini, isichokijua ni nini, na nani aiandike upya ikishafika kwetu.

Kumi na nane, nyekundu

Mara ya kwanza kuiona nilikuwa na miaka 12. Binamu yangu, mtoto wa shangazi anayeishi Ubelgiji, alikuja likizo akiwa na PlayStation 3 kwenye begi na makasha mawili. La kwanza lilikuwa FIFA 14, gemu ya mpira, na pembeni yake palikuwa na namba 3 ya kijani. La pili lilikuwa Grand Theft Auto V, yaani GTA, iliyotoka Septemba 2013, nalo lilikuwa na namba 18 nyekundu. Mimi nilijua kwamba namba kwenye FIFA ni mwaka. Nikadhani 18 nayo ni mwaka, kwamba binamu yangu ameleta gemu ya miaka ijayo ambayo Burundi nzima hatujaiona.

Akanieleza kuwa ni umri. Nikashangaa kweli. Haikuwa imewahi kunipitia akilini kwamba mahali fulani watu wazima walikaa, wakaitazama gemu, wakajiuliza mtoto kama mimi aione au asiione. Nilitaka kujua ni kina nani. Nimekuwa nikiwatafuta tangu siku ile, na niliyoyapata ni haya.

Habari inaanzia Marekani. Desemba 1993 maseneta wa huko walifanya kikao kuhusu gemu mbili zilizowatia wazazi hofu: Mortal Kombat, ambamo mshindi aliweza kumng'oa mpinzani moyo, na Night Trap, iliyotumia picha za watu halisi. Wenye kampuni za gemu waliambiwa wajisimamie wenyewe au serikali iwasimamie. Mwaka 1994 wakaunda bodi yao, ESRB, inayotumia herufi: E kwa wote, T kuanzia miaka 13, M kuanzia 17, na AO kwa watu wazima pekee. Ulaya ilifuata mwaka 2003 kwa mfumo uitwao PEGI, ambao leo unatumika katika nchi zaidi ya 35. Wenyewe walichagua namba: 3 na 7 kwa kijani, 12 na 16 kwa rangi ya chungwa, 18 kwa nyekundu. Chini ya namba huwekwa vijipicha vya sababu: ngumi kwa ukatili, buibui kwa kutisha, na vingine kwa matusi, kamari, dawa za kulevya, ngono, ubaguzi na ununuzi wa ndani ya gemu.

Hata hivyo wakaguzi hawakubaliani kila mara. Tekken 7, gemu ya mapigano, Ulaya iliipa 16, na Marekani ikaipa T, yaani miaka 13. Ni gemu ileile ambayo Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, ameifanya kazi na kujijengea jina mbali na Nairobi. Ngumi zilezile, na kati ya wakaguzi wa pande mbili za bahari kuna tofauti ya miaka mitatu. Sitaji hili ili kuwadharau. Nalitaja ili tujue kwamba namba ni maoni ya watu waliokaa mahali fulani, wakiwa na hofu za mahali pao.

Siku hizi namba hutolewa hata bila mtu kuitazama gemu kwanza. Mwaka 2013 bodi za nchi mbalimbali ziliungana katika mpango uitwao IARC. Anayetengeneza gemu ya simu hujaza fomu ya maswali, na mfumo unampa daraja la kila nchi kwa mpigo. Duka la Google liliuanza mpango huo 2015. Nchi isiyo na bodi yake hupewa daraja la jumla: 3+, 7+, 12+, 16+, 18+. Ndiyo maana kijana wa Rumonge akifungua duka hilo kwenye simu huikuta namba, tena bila sisi kuulizwa lolote. Kwenye simu namba ipo na hatuisomi. Kwenye diski za katoni haipo kabisa.

Mkaguzi haoni kila kitu

Vijana wengi wa rika langu waliijua Grand Theft Auto kupitia San Andreas, ya mwaka 2004, kwenye PlayStation 2. Ndiyo mashine iliyowafikia watu wa kawaida wa ukanda huu: ilitoka mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na zilizochoka kwa wenzetu zikaja kwetu. San Andreas ilipewa M kule Marekani. Mwaka 2005 Mholanzi mmoja mwenye ujuzi wa programu akafichua kwamba ndani ya diski kulikuwa na sehemu ya ngono ambayo watengenezaji waliizima lakini hawakuiondoa. Julai mwaka huo bodi ikaipandisha hadi AO, na maduka makubwa yakaiondoa rafuni. Wakaguzi hawakuwa wazembe. Bodi hutegemea maelezo na video anazopeleka mtengenezaji, na hakuna bodi inayoweza kuvipitia vichochoro vyote vya gemu inayochezwa kwa makumi ya saa.

Mfano wa pili huwa nawasimulia wazee wa msikitini wanaposema gemu zote ni za kihuni. Oktoba 2008 Sony ilikuwa tayari kuuza LittleBigPlanet, gemu ya kuruka na kujenga, safi kabisa, iliyopewa 7. Mchezaji mmoja Mwislamu akasikia maneno ya Kurani katika wimbo wa Toumani Diabaté wa Mali uliowekwa ndani yake. Akaeleza, kwa adabu, kwamba kuchanganya maneno hayo na muziki kunawaumiza Waislamu wengi. Sony ikazirudisha diski kutoka dunia nzima, gemu ikachelewa, wimbo ukarekebishwa. Hakuna kijipicha cha PEGI ambacho kingemwonya mzazi juu ya jambo hilo. Lilionekana kwa sababu mtu wa jamii husika alikuwa amekaa mbele ya kioo, akasikia, akasema.

Namba hutolewa na mgeni mwenye nia njema. Yaliyobaki yanamhitaji mwenyeji.

Ya kijani iliyonifundisha kamari

Nina deni la kusema jambo ambalo mama yangu alilijua baada ya miaka mingi.

Nilipokuwa na miaka 13 alinipa fedha za mawese nimpelekee mtu aliyekuwa akimdai. Njia ilipita kwenye chumba kimoja cha gemu cha wakati ule. Kanuni ya humo ilikuwa moja, na mpaka leo ndiyo kanuni ya vyumba vingi: aliyefungwa ndiye anayelipa. Ukishinda unacheza bure, ukishindwa unalipia wote wawili. Nikashindwa mechi ya kwanza. Nikacheza ya pili ili nirudishe. Wakubwa waliokuwa nyuma ya benchi wakaanza kuwekeana fedha juu ya nani atafungwa, na mmoja akaniambia akishinda kwa ajili yangu atanigawia. Jua lilipozama nilikuwa sina hata faranga moja, na yule mdai alikuwa bado anamsubiri mama. Nyumbani nilisema nimezidondosha njiani.

Gemu tuliyokuwa tukicheza ilikuwa ya mpira. Ulaya imepewa 3, ya kijani. Hakuna damu, hakuna tusi, mtoto wa chekechea anaruhusiwa. Na kweli, kwenye kioo hakukuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kwenye benchi.

Nilipokua nikagundua kwamba hata kwa wenzetu gemu za mpira zilikuwa na shida ya aina hiyohiyo, ila ya kitajiri zaidi. Katika FIFA mchezaji aliweza kununua kwa fedha halisi pakiti za wachezaji bila kujua ndani kuna nani. Aprili 2018 tume ya Ubelgiji inayosimamia michezo ya bahati ilisema wazi kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari. Mwisho wa Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Mwaka 2020 PEGI ikaongeza maneno ya kumwonya mnunuzi kuwa gemu ina vitu vinavyouzwa kwa kubahatisha. Namba yenyewe ya gemu hizo za mpira wakati huo iliendelea kuwa 3.

Ubelgiji ilitutawala hadi 1962, na hatukosi ya kuilaumu, lakini katika hili ilinifundisha kitu. Haikuuliza tu mtoto anaona nini. Iliuliza fedha zinakwenda wapi. Hapa Rumonge hakuna mtoto mwenye kadi ya benki ya kununulia pakiti. Sisi tuna noti ya mia tano na kanuni ya aliyefungwa alipe. Jina la kitu hicho kwa Kiswahili ni kamari, na kila mtoto wa madrasa anajua hukumu yake. Tumeshindwa kuitambua kwa sababu imevaa jezi.

Sauti ya bunduki nyumbani kwa bibi

Bibi yangu alivuka ziwa mwaka 1972. Waliokulia ukanda huu hawahitaji kuambiwa zaidi: mwisho wa Aprili mwaka ule mauaji yalianzia hapa Rumonge na Nyanza-Lac, na yaliyofuata yaliijaza Burundi nzima makaburi. Alikimbilia Tanzania, akakaa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora, akazaa, akazeeka. Tulirudi pamoja naye mwaka 2009, mimi nikiwa mtoto mdogo ninayezungumza Kiswahili cha Tabora. Nchi tuliyoikuta ilikuwa imepita katika vita vingine tena, vilivyoanza 1993.

Siku moja binamu yule alikuwa akicheza GTA sebuleni, sauti juu. Bibi alikuwa chumbani amejipumzisha. Bunduki ikalia kwenye runinga, mfululizo. Bibi akatoka mbio, bila kilemba, akatuambia tulale chini. Hakuwa akitania. Alimshika binamu yangu kichwa akamlaza sakafuni, na akabaki amemfunika kwa mwili wake huku gemu ikiendelea kulia, kwa kuwa padi ilikuwa imetutoka mikononi na hakuna aliyekuwa anaiongoza.

Binamu yangu alikuwa ametimiza miaka 18. Kwa sheria ya kasha, kila kitu kilikuwa halali.

Tangu siku ile naamini kwamba namba ya kwenye kasha inahesabu miaka ya anayecheza, haihesabu yaliyoipata nyumba. Aliyeipima alikuwa na familia ya Ulaya akilini, ambamo mlio wa bunduki ni kitu cha sinema. Kuna nyumba nyingi kati ya Rumonge na Mutambara ambamo mlio huo ni kumbukumbu, na kuna watoto wanaokua ndani ya kumbukumbu hizo bila kusimuliwa. Sisemi gemu za bunduki zipigwe marufuku. Mimi mwenyewe nazicheza, kwa sauti ya chini, bibi akiwa hayupo. Nasema kwetu namba hiyo huenda isitoshe, na anayejua haitoshi ni mtu wa nyumba ile, hawezi kuwa mwingine.

Sheria za wenzetu

Nchi mbalimbali zimejaribu njia zake. Uingereza tangu 2012 imefanya kuwa kosa la jinai kumuuzia mtoto gemu ya 12, 16 au 18 asiyoifikia. Marekani ilikwenda upande mwingine: mwaka 2011 Mahakama ya Juu, kwa kura saba kwa mbili, ilitengua sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto gemu za ukatili, ikisema gemu zinalindwa na uhuru wa maoni kama vitabu. Korea Kusini mwaka 2011 ilizuia walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni tangu saa sita za usiku hadi alfajiri, kisha miaka kumi baadaye ikaamua kuifuta sheria hiyo. China tangu 2021 inawaruhusu walio chini ya miaka 18 saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu za usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Afrika Kusini ina bodi inayopanga madaraja ya filamu na gemu pia. Kenya ina Bodi ya Kuainisha Filamu, yenye madaraja ya wote, ya uangalizi wa mzazi, ya 16 na ya 18.

Shirika la Afya Duniani nalo liliingiza tatizo la uraibu wa gemu katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Halikusema kila anayecheza sana ni mgonjwa. Linataka dalili tatu: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mambo mengine yote ya maisha yake, na anaendelea ingawa anaona madhara. Hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu miezi 12.

Nimeyapima hayo yote kwa mizani ya soko letu. Sheria ya Uingereza inamshika muuza duka, na hapa hakuna duka la makasha. Ile ya China inaishika akaunti ya mchezaji mtandaoni, na wetu wanacheza diski isiyojua hata kama intaneti ipo. Mtu pekee anayeweza kushikwa katika Rumonge ni yule mwenye katoni ya sabuni. Yeye ndiye duka, ndiye bodi, na ndiye mlango.

Kufunga nusu siku

Wengine watasema mambo ya kupanga umri ni ya Wazungu. Mimi naona tulikuwa nayo kabla ya runinga kufika.

Mtoto wa Kiislamu hapa haanzi Ramadhani kwa kufunga siku nzima. Anafunga hadi adhuhuri, anapewa chakula, anasifiwa. Mwaka unaofuata anasogea hadi alasiri. Akibaleghe yuko tayari, na amefikishwa hapo na mtu aliyekuwa akimtazama uso kila siku. Mtoto wa mvuvi naye hapelekwi kwenye kina siku ya kwanza. Anaanza kwa kushika kasia pale ambapo miguu inagusa mchanga, baba yake akiwa ndani ya maji kiunoni. Ziwa hili linashuka hadi mita 1,470, na hakuna baba aliyewahi kuliwekea kibao cha umri. Kibao ni yeye mwenyewe, amesimama pale.

Hivyo ndivyo ninavyoisoma namba ya kwenye kasha. Naisoma kama alama ya kina. Inamwambia mzazi kwamba kuanzia hapa miguu ya mtoto haigusi chini, kwa hiyo aingie majini pamoja naye au amrudishe ufukoni. Haimpi mzazi ruhusa ya kwenda zake.

Ninavyocheza

Nimejiwekea taratibu, nami nazitaja kwa sababu anayewausia watoto lazima aseme anavyoishi yeye. Nacheza nyumbani kwenye PlayStation 3 ya mtumba, jioni mbili kwa wiki, muda usiozidi saa mbili. Nachagua Pro Evolution Soccer kuliko zote, ule mfumo wa kuiongoza timu misimu mingi, kwa sababu unanilazimisha kupanga mishahara, kuuza mchezaji ninayempenda na kungoja chipukizi akue. Nahifadhi kila baada ya mechi. Umeme wa hapa haungoji filimbi ya mwisho. Sichezi kwa fedha, hata soda. Gemu yoyote mpya naimaliza mwenyewe kwanza kabla mtoto wa nyumbani hajaishika.

Na gemu zimenipa mengi. Kiingereza changu cha kwanza nilikisoma kwenye kioo. Msimu wa 2014 hadi 2015, Saido Berahino, mzaliwa wa Bujumbura, aliifungia West Bromwich Albion mabao 14 ya ligi, na katika chumba chetu tulikuwa tukigombania timu hiyo ndogo ya Uingereza kuliko Barcelona, kwa ajili ya jina moja la kwetu. Timu ya taifa, Intamba mu Rugamba, sijawahi kuikuta katika gemu yoyote, hata baada ya kufika Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Kwa jina moja la Berahino tuliona kwamba dunia ile ya kwenye kioo ina nafasi yetu. Mtoto anayenyimwa hilo kabisa, ananyimwa kitu chema. Kwa hiyo sitawaunga mkono wanaotaka vyumba vifungwe.

Kalamu ya wino mzito

Baada ya Jumamosi ile nilimwendea mwenye chumba. Ni mtu aliyenizidi miaka mingi, namwita kaka kwa heshima. Nilimwomba katoni na kalamu yake. Tukakaa siku mbili, diski moja baada ya nyingine, tukaandika namba kando ya jina: ile ya Ulaya tulipoijua, na yetu pale tulipoona ya Ulaya haitoshi. Tekken ilibaki 16. God of War na GTA zikaandikwa 18, na tukakubaliana zichezwe kwenye runinga ya kona, iliyogeuzwa isionekane kutoka mlangoni, baada ya Isha, sauti chini. Zile za mpira tuliziandikia 3, na chini yake maneno mawili: bila kulipana.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililomgharimu. Kanuni ya aliyefungwa alipe humletea wateja, maana anayeshindwa hataki kuondoka. Sasa kila mmoja analipia nusu yake kabla ya kuanza. Alinieleza wazi kuwa wiki za kwanza mapato yalipungua. Aliendelea kwa sababu, kama alivyosema, naye ana watoto, na hajui wanasimama nyuma ya benchi la nani wakiwa mbali naye. Kirundi kina usemi wa hali hiyo: umwana si uw'umwe, mtoto si wa mtu mmoja.

Kutoka kwa wengine naomba machache. Wenye vyumba waandike namba, kwa kalamu hiyohiyo waliyoandikia majina. Wazazi waingie chumbani hata mara moja kwa mwezi, wakae benchi la mbele, waombe kuonyeshwa. Walimu na masheikh waache kuuliza kama gemu ni halali au haramu kwa jumla, waulize gemu ipi, saa ngapi, na nani analipa. Serikali ikitaka kusaidia, ianze na leseni ya chumba: saa za kufungua siku za shule, na marufuku ya kuwekeana fedha. Na wale wenzangu wanaopanda basi kwenda Bujumbura kutafuta diski wakumbuke jambo lililonipata mwishoni.

Mbalamwezi ya mwezi uliofuata nilirudi. Yule mtoto wa safu ya pili alikuwepo. Aliisogelea katoni, akawa anasoma namba kwa kidole, kwa sauti, kama wanavyosoma darasani: kumi na sita, kumi na nane, kumi na nane, kumi na sita, tatu. Kisha akaniuliza ya kwake iko wapi.

Nikamtafutia. Katika katoni nzima, ukiondoa za mpira, ziliandikwa kwa ajili yake mbili: moja ya kuendesha magari, Gran Turismo, na moja ya Crash Bandicoot iliyokwaruzika hadi ikagoma kusoma. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijiuliza tutamzuiaje asione ya wakubwa, na sikuwahi kujiuliza tumemwekea nini cha kuona. Nilimpisha kwenye benchi, nikamwashia ile ya magari, nikamlipia. Jumatatu nakwenda Bujumbura, na orodha ninayo mfukoni: za miaka 7, sita, za miaka 12, nne. LittleBigPlanet ni ya kwanza kwenye orodha.